Kitambaa mbea

Jumapili usiku. Nje mvua ya Glasgow haina haraka, ndani sakafu ya sebule imejaa vipande vya uzi mwekundu. Nimemaliza kufumua marinda yote 27 ya kilti, ile sketi ya wanaume wa Scotland, niliyoyashona kwa mkono wiki nzima, kila nikitoka zamu. Sikukasirika sana. Kitambaa chenyewe nilikinunua pauni 6 kwa mita, na nilikinunua hasa ili nikiharibu.

Mwaka jana rafiki yangu wa kazini alioa, na sisi wasindikizaji tukaambiwa tuvae kilti. Nikavaa ya kukodi. Ilinibana tumboni, ikapwaya nyongani, na uzito wake kama blanketi la jeshi. Lakini muziki ulipoanza na watu wakaanza kuzunguka ukumbini, nikayaona marinda ya nyuma ya wenzangu yanafunguka na kujifunga yenyewe, bila hata moja kukosa njia ya kurudi. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Nimekulia Tanga, chini ya meza ya mama anayeshona sare za shule, na kila Januari nyumba yetu ilijaa sketi za marinda mpaka tukakosa pa kukaa. Nikajiambia, haya si marinda tu? Nitashona yangu.

Si marinda tu.

Sketi ya shule ni ya rangi moja. Ukikosea, pasi inakusitiri. Tartani, kitambaa cha drafti cha kushonea kilti, ina mpangilio wa mistari, ya mtande (urefuni) na ya mshindio (upanani), unaojirudia mwanzo hadi mwisho wa kitambaa. Kwenye hiki changu mpangilio mmoja unachukua inchi 6. Ukitaka kulaza marinda kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufuata mstari: unachagua mstari mmoja na kuuweka katikati ya kila rinda, na kilti ikionekana kwa nyuma haifanani kabisa na mbele. Vikosi vya jeshi vya huku vimezoea hiyo. Ya pili ni kufuata mraba, na hii ndiyo iliyonilaza macho. Kila rinda linameza mpangilio mzima ndani, kisha linaonyesha kile kipande kinachofuata pale rinda la jirani lilipoishia. Vipande vikikaa bega kwa bega, drafti ya nyuma inakuwa ileile ya mbele, utadhani hakuna kilichokunjwa. Ndiyo maana kilti kamili ya sufu inakula yadi 8, zaidi ya mita 7, kumvika mtu mmoja kutoka kiunoni mpaka magotini. Kitambaa kingi mno kimefichwa.

Halafu kuna hesabu. Nyonga zangu inchi 40, kiuno 34. Mbele kuna aproni mbili zinazolaliana, zinafunika nusu ya mwili. Nusu ya nyuma ndiyo ya marinda. Kwa hiyo marinda 27 yanagawana inchi 20 nyongani na inchi 17 kiunoni. Piga mwenyewe: kila rinda linaanza na karibu robo tatu ya inchi, kisha likipanda kiunoni linatakiwa lipungue kwa sehemu ya kumi tu ya inchi na ushee. Upana wa punje ya mchele! Mimi wiki hii sikupunguza, niliona ni kitu kidogo, macho hayatagundua. Punje 27 zikajumlishwa zikawa inchi 3, na kilti ikasimama mwilini mwangu kama ndoo.

Ningeweza kujifichia makosa. Dukani kulikuwa na tartani iitwayo Black Watch, ile ya bluu, kijani na nyeusi, na kwenye giza lile hata mstari uliokwenda kombo unaweza kulala ukasahaulika. Nikachukua Royal Stewart, nyekundu yenye vistari vyembamba vya njano na vyeupe. Muuzaji alidhani naipenda rangi. Nilichotaka ni kitambaa mbea, kinachotangaza kila kosa mpaka kwa anayepita barabarani. Ukijifunza kwa kitambaa kinachokusitiri, utajua lini kwamba umekosea?

Ila kitambaa cha bei rahisi nacho kina visa vyake. Hiki ni poliesta na viskosi, kina upana wa sentimita 150, nimekipasua katikati kwa urefu nikapata vipande viwili na kuviunga, kiungo nikakificha ndani ya rinda. Mshindio wake umekwenda upande. Ukinyoosha mstari wa njano huku, kule umeshashuka kidogo. Kilti ya sufu haikunjwi upindo chini, ukingo wa kitambaa wenyewe ndio mwisho wake, umefumwa safi kwa kazi hiyo. Wangu una vitundu na manyuzi meupe. Nikalazimika kukunja upindo, na marinda yote yakavimba chini kama miguu ya aliyesafiri kwa basi usiku kucha. Pasi nayo ukiiacha moto, poliesta inang'aa, na ule mng'ao hautoki. Sasa napiga pasi juu ya kitambaa kibichi, taratibu.

Lakini kuna mahali ambapo urahisi wake umenipa moyo, nao ni kwenye mkasi. Ukishayashona marinda kutoka nyongani hadi kiunoni, ndani kunabaki matabaka mengi ya kitambaa, na mafundi wa kilti huyakata yale ya juu yasifanye kiuno kinene, kisha hushona tabaka la kanvasi na bitana kuyashikilia. Hebu fikiria kuingiza mkasi katikati ya sufu iliyokugharimu mshahara wa wiki. Kwenye hiki cha pauni 6 mita nilikata huku napiga mluzi. Nikakata pabaya, sawa, lakini mkono sasa unajua.

Wabongo wenzangu hapa wananicheka. Utani wa kwanza huwa shuka la Kimasai, wa pili huwa sketi ya dada. Mimi nikiwajibu nawakumbusha msuli. Baba zetu wa pwani wakirudi nyumbani jioni wanavaa nini? Na kilti ya zamani haikuwa mbali sana na hapo: kitambaa kirefu, kimekusanywa kwa mkono na kufungwa mkanda, hakina mshono. Hata marinda ya kushonwa yalikuja mwishoni mwa karne ya 18, baada ya vazi lenyewe kupigwa marufuku kwa wanaume na wavulana wa Scotland, isipokuwa askari, kuanzia 1747 hadi 1782. Serikali iliyotoka kuwashinda waasi wa Nyanda za Juu za Scotland vitani Culloden haikutaka kuwaona nalo. Wenzangu wakisikia hivyo wanapunguza kidogo kicheko. Kidogo tu.

Leo mchana nilimpigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula? Hiyo sketi ya nani?"

"Yangu, mama."

Akanyamaza. Nikasikia cherehani la jirani kule nyuma yake. Akasema, "Isogeze hapo kwenye mwanga." Nikaisogeza. Hakuuliza tena kuhusu kuvaa. Macho yake yalishaingia kazini. "Hapo kwenye njano. La nne limeshuka. La tano limelifuata. Ulipiga bandi?"

Sikupiga huo mshono wa muda. Nilibana kwa pini, nikapiga pasi, nikaanza kushona.

"Pini ni ya kushikia, baba. Pasi haijui mstari wako uko wapi. Piga bandi rinda moja moja, uzi mweupe, juu mpaka chini, uyaache yalale usiku mmoja ndiyo uyaguse." Kisha akauliza bei ya kitambaa, akauliza upana, akaniambia kilichobaki nisikitupe, mita moja inatosha gauni la mjukuu.

Kwa hiyo usiku huu nimeanza upya. Nimechora alama kwa kipande cha sabuni kilichoisha, kama yeye anavyofanya, na napiga bandi kwa uzi mweupe. Bizimu tatu na mikanda yake ya ngozi, nilizookota soko la Barras, zinasubiri kwenye bakuli. Nimefika rinda la 11. Nimesimama mlangoni kuyatazama kwa mbali: mstari wa njano unakwenda sawasawa, la kwanza, la pili, mpaka la 10. La 11 limeshuka kwa uzi mmoja.

Nimekwenda kutafuta wembe.