2147483647 na mafungu ya dagaa

Mwanza, jioni

Pale Mwaloni Kirumba dagaa wakishamwagwa, hupangwa mafungu. Idadi iliyo tasa haikubali mafungu yaliyolingana: ama wote wakae fungu moja, ama kila dagaa awe fungu lake. Kwa 7 unaliona hilo kwa macho. Kwa 2147483647 je?

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba ni tasa, na kila nikiifikiria, kazi aliyoikwepa hunishangaza kuliko aliyoifanya. Vigawo huja viwili viwili, na kimoja hakiwezi kuvuka kipeuo cha pili, hapa 46340 na ushei. Hata hivyo, chini ya hapo kuna namba tasa 4792. Nani atazimaliza kwa mkono?

Umbo la namba ndilo linalookoa. Kwa kuwa 31 ni tasa, kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 62 (yaani 31 mara 2), lazima kibakize 1. Ukikigawa kwa 8, kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo: zinabaki tasa zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Basi 3, 5, 7, 11 na wenzao wote nje! Ya kwanza kujaribiwa ni 311, baki 35. Inayofuata ni 1303, baki 226. Katikati hakuna kitu.

Ukiwa na shaka, pima sharti hilo kwa 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, yaani 2047. Ni 23 mara 89. Zote mbili zikigawanywa kwa 22 (yaani 11 mara 2) hubakiza 1. Kwa 8, ya kwanza hubakiza 7, ya pili 1. Kumbe pia kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba iwe tasa.

Kikokotoo (cha dukani, si kile cha pensheni) chenye tarakimu 8 hakiipokei namba yetu. Cha tarakimu 10 kinafaa: gawa, ondoa sehemu kamili, zidisha desimali kwa namba uliyogawia. Kwa 311 utapata 6905092.113, 0.113 mara 311 ni 35.143. Hicho cha ziada ni desimali iliyokadiriwa tu, baki ni 35.

Kwenye programu kosa ni jingine. Namba hii ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) zenye alama ya chanya au hasi. Ongeza 1, inageuka −2147483648. Kitanzi, yaani hatua zinazojirudia, kinachojaribu kila kigawo i cha namba yetu n na kuuliza kama i mara i haijaizidi n, hakisimami: i ikifika 46341, zao linafurika na kuwa hasi. Badala yake uliza kama i haijaizidi n gawa kwa i.

Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizohizo zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa Mwanza ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Mwezi utakuwa karibu mpevu, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mitumbwi mingi ya dagaa itakuwa imepumzika ufukweni.