Yaya, hii unaisikia?

Goma, Alhamisi 24 Julai 2025

Leo ilikuwa siku ya sindano, ile ya kila mwezi ya kutuliza maradhi ya akili ya mdogo wangu. Mdogo wangu aliamka kabla yangu, akaoga, akavaa shati lake la Jumapili, akakaa mlangoni kuningoja. Kikaratasi cha tarehe alikuwa amekiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akakikunja mara nne. Mvua imemfunza hivyo.

Kwenye benchi la kliniki tulikuta sura zilezile. Nusu yao ni watu wa kifafa, maana huku kifafa na maradhi ya akili huingia kwa mlango mmoja. Mtoto mmoja kiganja chake kimekunjamana chote: aliangukia jiko la makaa wakati wa kuanguka. Vitanda hakuna. Mtu anakuja, anaulizwa maswali, anadungwa au anapewa vidonge, anarudi kwao. Siku ishirini na saba zinazobaki ni kazi ya watu wa nyumbani.

Swali la kwanza la muganga ni lilelile kila mwezi (kwetu hata muuguzi tunamwita muganga, wasomaji wa pwani msishtuke): "Analala?" Anaanza na usingizi, sauti anaziulizia baadaye. Ugonjwa wa ndugu yangu ukitaka kurudi, hupitia usiku kwanza: siku ya kwanza analala kwa muda wa saa tatu tu, ya pili kwa saa moja, ya tatu yuko uani anazungumza na ukuta wa mawe ya volkeno. Ndiyo maana nahesabu saa zake kama mama mjamzito anavyohesabu miezi.

Ila hesabu hiyo nani aliiweza mwezi wa kwanza? Tarehe yake ilikuwa 30 Januari. Tarehe 27, Jumatatu, tuliamka tukaambiwa waasi wa M23 wameingia mjini. Umeme ulikuwa umekatika, maji vilevile, watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu ya maji) huku risasi zikiendelea. Mtaa mzima hakulala mtu. Muganga angepita nyumba kwa nyumba na swali lake, angetudunga sote.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Zamani, alipoanza kupata nafuu, muganga alimpa dawa ambayo haiuzwi: ukisikia kitu na huna hakika, muulize mtu unayemwamini. Mtu huyo nikawa mimi. Miaka hii yote, akisikia jina lake likiitwa nyuma ya nyumba, ananijia: "Yaya, hii unaisikia?" (Yaya kwetu ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Namwambia hapana. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye shughuli zake. Sikumdanganya hata siku moja, kwa sababu nikimdanganya mara moja tu dawa hiyo imekwisha.

Usiku wa kuamkia ile Jumatatu tulikuwa tumelala chini, magodoro tumeyasimamisha kwenye madirisha. Bomu likapiga upande wa uwanja wa ndege, mabati yakatetemeka. Akanigusa bega. "Yaya, hii unaisikia?" Nikasema ndiyo. Ikapiga nyingine. "Na hii?" Ndiyo. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Basi leo si mimi," akajifunika shuka. Nafikiri alikuwa peke yake aliyelala mle ndani. Mama alikuwa anasali, mimi natetemeka, yeye anakoroma.

Tulichelewa siku saba. Sindano hiyo iko ndani ya mafuta na hutoka mwilini polepole, kwa hiyo juma moja halimwangushi mtu papo hapo. Vidonge vya kifafa havina huruma hiyo, ukiviacha ghafla waweza kuanza kuanguka siku mbili tatu tu. Tarehe 6 Februari watu walikuwa wameitwa kwenye mkutano wa M23 uwanja wa michezo wa Unité; sisi tukaenda upande wetu, kwa miguu, tukipita watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa bado wanaokota miili. Nilimwambia atazame visigino vyangu tu. Alitii.

Siku ile ndipo nilipoona sanduku. Ni boksi la katoni lenye fishi, yaani kadi za wagonjwa, na muganga alikuwa ametenga fungu moja, la wale wasioonekana tena, na kulifunga kwa mpira. Wengi wao walikuwa wa kambi za waliokimbia vita: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya. Mwezi huohuo kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi vijijini. Mwenye kidonda atapata wa kumfunga huko kijijini. Mwenye kuhitaji sindano ya mwezi ataipata wapi? Leo fungu lile bado lipo, limenenepa kuliko Februari. Sikuuliza. Kuna siku muganga hutoa fishi moja akairudisha katikati ya nyingine, na uso wake huchangamka kama aliyepata pesa njiani.

Pesa nazo ni hadithi ya peke yake. Benki karibu zote zimefungwa tangu Januari. Mwenye kutumiwa kitu kwa benki avuke mpaka aende Gisenyi, upande wa Rwanda, au atafute wakala wa pesa za simu anayekata asilimia yake. Leo nililipa kwa noti ambayo mhasibu aliigeuza mara tatu kwenye mwanga kabla ya kuipokea.

Zamu yetu ilipofika, muganga akamtazama mikono kama inatetemeka, akamnyoosha kiwiko kupima ukakamavu, akauliza, "Analala?"

"Muda wa saa saba, nane kwa usiku," nikajibu.

"Na wewe, dada?"

"Mie nalala vizuri."

"Anadanganya," ndugu yangu akasema. Alikuwa anafunga kifungo cha shati, hata hakuinua macho. "Usiku wa manane huwa anasimama dirishani. Ananiuliza mimi kama nimesikia kitu."

Muganga hakucheka. Akavuta fishi mpya kutoka chini ya daftari, akaiweka mezani bila kuiandika, akangoja. Nikamwambia nyuma kuna watu wengi, tutaonana tarehe 21 Agosti. Akaandika tarehe hiyo kwenye kikaratasi cha mdogo wangu, na chini yake, kwa herufi ndogo: *na yaya*.