Harufu ya vumbi la moto

Juzi baridi ilipoanza niliwasha hita kwa mara ya kwanza tangu Machi. Vumbi lililolala juu ya nyaya likaungua, sebule ikajaa ile harufu, mama watoto akakimbilia dirisha. Mimi nikaganda. Nilikuwa nimerudi Hanwell, magharibi mwa London, kwenye benchi langu la ufundi, 1997.

Bado nilikuwa fundi dukani kwa mzee mmoja wa Kigujarati, siku za kulala wanne chumba kimoja. Akaingia mzungu mmoja, mvi mpaka mabegani, kabeba amplifaya ya Marshall ya 1966, spika mbili za inchi 12 ndani ya sanduku moja. Nzito kama gunia la mkaa. Valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazokuza sauti, zilikuwa zimechoka. Akaniambia Jim Marshall, mwenye kampuni ya amplifaya hizo, alikuwa na duka hapo hapo Hanwell, na kwamba amplifaya ya aina ile ndiyo aliyoitumia mpiga gitaa Eric Clapton kwenye albamu aliyorekodi na John Mayall. Nikaitikia tu. Kwangu majina yale yalikuwa kama ya stesheni za treni nisizoshukia. Nikabadilisha valvu, nikapima volti, nikajipongeza.

Alipokuja kuichukua alikuja na gitaa. Akachomeka, nikawasha. Valvu si transista, hazina haraka, lazima ungoje. Taratibu zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, kama makaa yanayopepewa, na vumbi la miaka likaanza kunuka. Akafungua sauti mpaka mwisho. Toni ya gitaa akaifunga mpaka sifuri, jambo lililonishangaza. Kisha akagusa uzi mmoja.

Ilitoka sauti iliyopasuka. Haikulia, ilikoroma, nene, kama mtu anayeimba kafunikwa blanketi, tena haikutaka kwisha. Kopo la skrubu likaanza kutembea juu ya benchi. Sasa, mimi nimekulia Tanga, mji wa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz. Kwetu gitaa la solo linadondoka kama matone ya mvua juu ya bati, safi, moja moja, ukitaka utayahesabu. Sauti ikipasuka maana yake ni moja: spika imechanika, na fundi ni wewe. Niliruka nikaizima.

“Mbona umezima?”

Nikamwambia samahani mzee, nitaitengeneza upya, hutalipa kitu. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kumbe ule “ubovu” ndio alioufuata. Valvu inasukumwa kupita uwezo wake, wimbi la sauti linakatwa kichwa, noti inavutika kama ya fidla. Vijana wa Uingereza walichukua bluzi ya Wamarekani weusi, ya Mississippi na Chicago, wakaiunguza hivyo. Ilipofika 1967 wakaongeza na nguo za maua na magitaa yaliyopakwa rangi kama kanga. Yule mzungu mwenyewe alikuwepo kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall Novemba 1968, usiku Cream, bendi ya Clapton, walipoaga. Aliyasema hayo kwa kupaza sauti, kama wasemavyo wenye masikio mazito.

Akapiga tena, dakika ishirini nzima, mpaka bosi akatoka stoo na kikombe chake cha chai. Siwezi kusema niliupenda muziki ule. Ila wiki nzima nilikuwa nikiipiga ile noti kwa mluzi, na mluzi haukoromi, kwa hiyo haikuwa yenyewe.

Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani, kwenye harusi ya binamu yangu. Katikati ya wimbo spika ya gitaa ikaanza kukoroma. Kijana wa mitambo akainuka kwenda kuzima. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyetoka Ulaya: iache, Uingereza wanalipia sauti hiyo.

Haikufika dakika tano ikatoa moshi. Harufu ilikuwa ile ile.