Ndoano ya kambare naipima kwa futi

Hapa Mwanga watu wananijua kwa sare za shule na magauni ya harusi. Wachache ndio wanaojua kwamba Jumamosi nikishafunika cherehani, mdogo wangu hunipakia kwenye pikipiki tukateremka Lang'ata, Bwawa la Nyumba ya Mungu, tukakaa na mishipi yetu mpaka saa nne usiku. Ninachofuata ni kambare. Perege nawaachia wenye nyavu na mitumbwi. Kambare giza likiingia anakuja mwenyewe kwenye maji ya magoti kutafuta chakula, kwa hiyo hata asiye na mtumbwi ana bahati yake.

Mwaka wa kwanza nilinunua ndoano kwa macho. Niliingia duka moja Moshi, nikaomba ile kubwa kabisa, nikapewa chuma kinene kama msumari. Tulipofika bwawani babu mmoja mvuvi aliomba aione. Akaipimapima kiganjani, akanitazama.

"Binti yangu, umekuja kuvua au kutia nanga?"

Nilicheka tu, lakini usiku ule mshipi ulivutwa mara tatu na sikupata hata mmoja. Wiki iliyofuata nikakimbilia upande wa pili, nikaja na ndoano nyembamba za perege. Kambare akaingia kweli, nikamwona mpaka sharubu, kisha ndoano ikanyooka kama sindano ya mkono na bwana akageuza kurudi kwao.

Tatizo ni mdomo wake. Kichwa cha kambare ni mfupa, kimebapa kama sahani iliyofunikwa ngozi, na ndani kuna vijimeno vidogo vingi vinavyokwaruza kama msasa. Pa kushika ni kwenye ile nyama ya pembeni, pale mdomo unapokunjikia. Ndoano nene yenye ncha butu haipenyi hapo, na nyembamba haihimili akianza kujizungusha.

Namba nazo zinachanganya. Namba 12 ni ndogo, 8 ni kubwa kuliko hiyo, 4 kubwa zaidi, mpaka unafika 1. Ukishapita hapo wanaanza kuandika 1/0, 2/0, 3/0, na sasa namba ikipanda ndoano nayo inakua. Juu ya hayo, 3/0 ya kiwanda hiki si lazima ilingane na 3/0 ya kiwanda kile. Mimi namba nilishaziacha. Nina futi shingoni kutwa nzima, basi naenda nayo dukani. Napima nafasi kutoka kwenye ncha mpaka kwenye shina, na kwa kambare wetu wa kilo moja mpaka nne nataka sentimita moja na nusu. Muuza duka alinishangaa mwanzoni, siku hizi ananitolea boksi zima nijichagulie. Kisha naiburuza ncha juu ya ukucha wa gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, hiyo ni butu, naipitisha kwenye tupa au naiacha. Ikikwama pale pale, nainunua.

Kuhusu umbo, nimehamia kwenye ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuangalia shina. Ukiishika mara ya kwanza unaona kama haiwezi kukamata kitu. Siri yake ni kwamba hutakiwi kustua mshipi. Kambare anabeba chambo, anageuka aondoke nacho, mshipi unakaza, ndoano inateleza mpaka pembe ya mdomo na kujizungusha pale. Wewe unainua taratibu tu. Ukistua unaichomoa. Mdogo wangu mpaka leo hawezi. Akihisi mguso anavuta kama anawasha jenereta. Yeye nimemwachia ndoano ya kawaida, ila hiyo samaki huimeza mpaka kooni, na kuitoa ni kazi ya koleo na dua.

Lakini kilichonichelewesha kuliko vyote ni chambo. Natumia utumbo wa kuku, naupata bure kwa muuza chipsi wa jirani, na mara nyingine maini. Nilikuwa nafunika ndoano yote, ncha isionekane kabisa, kama ninavyoficha uzi kwenye pindo la gauni. Kazi yangu ya kila siku ni kuficha sindano ilipopita. Bwawani ikabidi nijifunze kuiacha nje. Kambare usiku anatafuta kwa harufu na kwa zile sharubu zake nane, haimsumbui kuona chuma. Ukijaza nyama kwenye ule upinde, ile sentimita moja na nusu uliyoilipia haipo tena. Sasa chambo nakisukuma juu kwenye shina, nakizungushia uzi wa cherehani mara saba nane kwa sababu maini yanachanika ovyo, na ncha inabaki tupu.

Kufunga ndoano hakukunisumbua. Napitisha nailoni tunduni, nazungusha kwenye shina mara sita ikibana, narudisha ncha ya uzi chini ya mizunguko, nalowesha kwa mate, navuta. Ni kama kutengeneza shingo ya kifungo cha koti. Kipande hiki cha chini kina urefu wa shibiri mbili na ni kinene kuliko mshipi wenyewe, kwa ajili ya ule msasa wa mdomoni. Juu yake kuna kipete cha chuma kinachozunguka, ili samaki akijisokota mshipi usisokoteke naye. Juu ya kipete naweka ushanga mmoja, mabaki ya gauni la bibi harusi, halafu pete ndogo inayoteleza kwenye mshipi huru. Kwenye pete nafunga uzito.

Uzito ni plagi ya pikipiki iliyokufa. Uzito wa risasi wa dukani unauzwa ghali na chini ya maji kuna visiki vingi. Plagi naining'iniza kwa uzi mmoja wa cherehani, mwembamba, makusudi. Ikinasa kwenye kisiki navuta, uzi unakatika, plagi inabaki huko, samaki anakuja. Fundi pikipiki wa stendi ananiwekea plagi kwenye kopo na haulizi tena za nini.

Kabla hujaiga safari hii, uliza ofisi ya BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, kama bwawa liko wazi, maana limewahi kufungwa kwa uvuvi. Na usisimame ndani ya maji usiku.

Jumamosi iliyopita nilirudi na watatu. Wa tatu nilimshika vibaya, mwiba wa pezi la kifuani ukaingia kwenye gumba mpaka nikaona nyota. Nina magauni manne ya kumaliza na siwezi kushika mkasi. Kwa hasira niliwaacha kwenye kiroba chenye unyevu pale jikoni, nikasema nitawatengeneza asubuhi. Kambare anavuta hewa kama sisi, hilo nalijua vizuri, ila sikulikumbuka. Saa sita usiku mama akaniamsha: kiroba kimefika mlangoni.