Dola 5 kwa Mwalimu Ahmed

Usiku wa Jumapili, tarehe 19 Juni 2011, tulikuwa watu sita kwenye sebule ya fleti yetu ya Tukwila, kusini mwa Seattle, na kopo tupu la kahawa mezani. Tupu kwa maana ya kahawa. Ndani mlikuwa na dola 30, tano tano za kila mmoja, na vikaratasi sita vilivyokunjwa. Kila kikaratasi kimeandikwa jina la aliyemuua Rosie Larsen.

Waliokuwa Marekani mwaka ule wanaikumbuka The Killing, tamthilia ya televisheni. Wadenmaki ndio waliotangulia kuitunga, Wamarekani wakaichukua na kuihamishia Seattle. Binti wa shule, Rosie Larsen, anakutwa amekufa kwenye buti ya gari lililozama ziwani, na gari lenyewe ni la kampeni ya mgombea umeya. Takriban kila kipindi ni siku moja ya upelelezi, vipindi 13, mwendo wa kobe. Mpelelezi Linden anatafuna chingamu, amevaa sweta lake, anaangalia dirishani. Mtu asiye na subira angeishia kipindi cha pili. Sisi tuliobeba boksi wiki nzima tulinogewa na ule upole.

Kilichotuchekesha ni mvua. Kwenye televisheni ilimwagika kama masika ya kwetu Tanga. Seattle niliyoijua ni ya rasharasha, wenyeji wake hata mwavuli hawabebi. Kumbe picha zilipigwa Vancouver, Kanada.

Rimoti ilikaa kwa Dada Mkubwa, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Sharti lake lilikuwa moja: haiwashwi mpaka aswali magharibi. Kisanduku cha kebo kilikuwa kinarekodi, kwa hiyo hatukupitwa na kitu, ila jua la kule kaskazini likishakaribia kiangazi halina haraka ya kuzama. Aprili tulikuwa tunaanza saa mbili usiku. Kufika Juni, magharibi ikawa inaingia saa tatu na dakika kumi, na mimi alfajiri ya saa kumi na moja natakiwa niwe kazini kwenye nyumba ya wazee.

Vikaratasi tuliviandika tarehe 1 Mei. Siku ile Dada Mkubwa alikuwa hajaukunja mswala vizuri, Obama akatokea kutangaza kwamba Osama bin Laden ameuawa. Hakuna aliyemlilia pale. Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998 bado tunayo moyoni. Lakini tuliangaliana, kila mmoja anajiuliza kesho kazini atatazamwa vipi. Kisha tukabadilisha, tukaweka tamthilia yetu. Ilikuwa siku ya maziko ya Rosie. Mwalimu wake, Bennet Ahmed, Mwislamu, ambaye polisi wanamfuatilia, akaja nyumbani kwa wafiwa.

"Muuaji haji kuhani," akasema Dada Mkubwa.

"Ndio wanaotangulia kufika," nikamjibu.

Kipindi kikaisha baba wa marehemu, Stan, anampa mwalimu lifti. Hapo ndipo mtu akaleta wazo la kopo. Mkenya mmoja wa Nakuru alitaka kumwandika Terry, mdogo wake mama Rosie, tukamzomea. Mama mdogo ni mama, hujui? Akaona aibu, akabadilisha. Mimi nikageuka ukutani nikaandika AHMED kwa herufi kubwa. Mimi, mwenye jina la Kiislamu, ninayetolewa pembeni kwenye foleni ya uwanja wa ndege kila nikisafiri. Niliandika bila kufikiri mara mbili.

Wiki tatu baadaye ikadhihirika mwalimu hana hatia. Siri aliyokuwa anaificha ni kumnusuru binti mdogo wa Kisomali. Ila baba Rosie alikuwa keshampiga mpaka akazimia kabisa, yuko hospitali hajitambui.

Basi tukafika ile Juni 19. Mgombea Richmond kakamatwa kwa picha ya kamera ya darajani. Linden yuko kwenye ndege na mwanawe, safari imeiva, anapigiwa simu: kamera za daraja lile ni mbovu miezi mingi. Huku mwenzake, Holder, anaingia kwenye gari la mtu tusiyemwona, anamwambia picha imefanya kazi. Belko, rafiki wa familia, anamsogelea Richmond na bastola. Skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda.

Tukasubiri. Mtu akasema labda kuna kipande kingine.

"Banatucheka!" Mkongo wetu wa Lubumbashi akafoka, kandambili ikaruka ikagonga ukuta. Mkenya anadai arudishiwe Jumapili zake zote. Kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Dada Mkubwa akalivuta kopo, akaanza kufungua vikaratasi na kuvisoma. Richmond. Stan. Richmond. Belko. Kris. Cha sita akakifungua, akakiangalia, hakukisoma. Akakikunja tena vilevile, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Nyinyi mwalia hamkuambiwa muuaji," akasema. "Na yule asoua, nani kampa pole?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilijifanya natafuta kandambili ya Mkongo.

Asubuhi kazini gumzo lilikuwa hilo hilo, watu wamekasirika kana kwamba wameibiwa. Mwalimu hakutajwa na mtu. Mzee niliyekuwa namhudumia, puto la Siku ya Baba bado limefungwa kwenye kitanda chake, alikuwa ameifuata tangu kipindi cha kwanza. Nilipomwambia jibu limesogezwa mwakani aliniangalia kwa muda.

"Nina miaka 91," akasema. "Wanadhani mimi wa kungoja mwakani?"

Aprili ya 2012 tamthilia iliporudi, haikumkuta. Fleti nayo ilikuwa imesambaratika, kila mtu na jimbo lake. Tarehe 17 Juni nikaangalia mwisho peke yangu, kisha nikampigia Dada Mkubwa, Columbus, Ohio, ambako ilikuwa usiku mkubwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Haya, n'nani?"

"Walikuwa wawili. Mmoja wa kampeni ndiye aliyempiga. Aliyelisukuma gari ziwani ni Terry."

"Terry yupi?"

"Mama mdogo."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Yule alokuwa akiwapikia wale watoto?"

"Huyo huyo. Hakujua aliyemo ndani ni Rosie."

Akavuta pumzi. Nikaona ni sasa au basi tena, nikasema, "Dada, kile kikaratasi cha Ahmed..."

"Mwandiko wako naujua," akanikata. "Walala saa ngapi wewe, kesho si kazini?"