Siku moja maishani mwangu: nguchiro, nyoka-kayamba na swali la mtoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilianza kazi ya kuongoza watalii hapa Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, nyasi zikiwa bado na umande. Wageni wangu walikuwa familia kutoka Arizona, Marekani, na mtoto wao, hata kabla hajafunga mkanda, aliniuliza: nguchiro akipambana na nyoka-kayamba, yule mwenye sumu anayetikisa mkia ukalia kama kayamba, nani atashinda? Pambano lenyewe ni la kubuni, kwa kuwa nyoka huyo ni wa Amerika tu, wala hapa kwetu hayupo.

Saa moja. Nguchiro milia walitoka kichuguuni mmoja mmoja, wakakaa kuota jua. Nilimweleza mtoto kwamba kwanza tuchague nguchiro. Hawa, ambao hawazidi sana kilo moja na nusu, hula zaidi mende na jongoo, na nyoka humkabili kwa wingi wao. Wa kupigana peke yake ni nguchiro wa Misri, mkubwa zaidi, ambaye Uganda pia yupo na nyoka ni chakula chake.

Saa nne. Baba mtu alisema kwamba nguchiro hadhuriki na sumu, jambo ambalo nimelisikia mara nyingi mno. Sumu ya fira hulemaza misuli kwa kushika mahali maalumu ambapo neva huamrisha msuli, na kwa nguchiro wa Misri mahali hapo pamebadilika, hivyo sumu haishiki. Lakini sumu ya nyoka-kayamba walio wengi huharibu nyama na kuvuruga damu, na hata yule wa jangwa la Mojave, mwenye sumu ya neva, huishambulia neva yenyewe kabla ya kufika mahali hapo. Kitasa kipya hakimfai mtu anayebomolewa ukuta.

Saa saba. Tulikula matoke na maharagwe pamoja na askari mmoja wa hifadhi.

"Afande, umewahi kumwona nguchiro na kifutu?" nilimuuliza.

"Mara moja, kaka. Alisimamisha manyoya yote mpaka akaonekana mara mbili ya alivyo. Kifutu akapiga, akapiga tena, akaambulia manyoya tu. Alipochoka, aling'atwa kichwani."

Hapo ndipo ilipo silaha ya nguchiro: kumchosha nyoka. Nyoka-kayamba hupiga kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, lakini hawezi kurudia hivyo bila kikomo.

Saa tisa. Mashua katika Mfereji wa Kazinga. Viboko wakamsahaulisha mtoto nyoka kwa saa mbili.

Saa kumi na mbili jioni. Tulirudi kichuguuni, naye akadai jibu. Nilimwambia kwamba asubuhi ya baridi, nyoka akiwa bado mzito kwa kukosa joto, ningeweka fedha yangu kwa nguchiro wa Misri. Usiku ningeihamishia kwa nyoka-kayamba: ana vishimo kati ya jicho na pua vinavyohisi joto la mwili, kwa hiyo giza halimzuii, ilhali nguchiro ni mnyama wa mchana.

Mtoto alitazama saa yake, kisha kichuguu. Nguchiro wa mwisho alikuwa anaingiza mkia.