Fildi ya sitini na nne

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya maabara, ile ya miaka 3, tulipotumwa hospitalini kwa mazoezi hapa Nairobi. Hospitali siitaji, kosa lilikuwa langu. Kila alfajiri nilipanda matatu kutoka Kawangware, koti jeupe nimelikunja mkobani lisiingie vumbi, nikijiona nusu daktari.

Kutoa damu hakukuwa kukinitisha tena. Tulikuwa tumechomana sindano sisi wenyewe darasani hadi tukakoma kufumba macho. Kilichonishinda ni kukaa kitako mbele ya hadubini.

Ijumaa moja akaja mzee mwenye homa, ametoka Busia kumzika nduguye. Daktari alitaka apimwe malaria. Nilimfunga mpira mkononi, nikajaza chupa ya kifuniko cha zambarau, na mzee akaniambia, "Polepole mjukuu wangu, hiyo damu yenyewe imebaki kidogo." Nikacheka, nikaenda kutengeneza slaidi, kile kipande cha kioo chenye matone mawili ya damu. Tone nene huachwa likauke bila kumwagiwa methanoli, ili chembe nyekundu zipasuke na vimelea vibaki wazi. Tone jembamba ndilo hutiwa methanoli kwanza. Kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10, maji, ukaushe. Hapo sikukosea.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haiwapendezi mbu wa malaria wala vimelea vilivyomo tumboni mwao. Kwa wiki 3 nilikuwa nimesoma slaidi zisizo na kitu. Sheria yetu ilikuwa fildi 100 za lenzi ya mafuta, fildi moja ikiwa ni kile kiduara cha damu unachokiona kwa mara moja, kabla ya kuandika kwamba hakuna. Ilikuwa karibu saa saba, njaa imenishika, na nikiwazia githeri ya kibandani. Nikaandika: hakuna vimelea vilivyoonekana.

Fomu haikutoka mlangoni. Madamu, mkuu wa benchi letu, aliishika akanitazama.

"Umesoma fildi ngapi?"

"Mia, Madamu."

Hakubishana. Aliirudisha slaidi kwenye hadubini, akaidondoshea mafuta upya, akanipa kile kihesabio cha kubonyeza. "Basi nisomee tena. Kwa sauti."

Maabara nzima ikanyamaza kunisikiliza kama mtoto wa chekechea. Kumi. Ishirini. Mafundi wawili walijifanya wanapanga chupa. Kufika hamsini nilishaanza kumlaumu moyoni kwa kunidhalilisha bure. Fildi ya sitini na nne sauti ikanikatika. Kulikuwa na kipete chembamba cha buluu chenye nukta nyekundu. Nikatamani iwe ni uchafu wa rangi. Nikasogeza, nikakuta kingine, na kingine kando yake.

Madamu aliinama akatazama, akahamia kwenye tone jembamba, akasema neno moja tu: "Falsiparamu." Ile ndiyo aina ya malaria inayoua zaidi. Akanifanya nikate jibu la kwanza kwa mstari mmoja, nisilifute, niandike la pili na kutia sahihi pembeni. Kisha nikaipeleka fomu kwa daktari mwenyewe, nikipita benchi alilokalia mzee, amejifunika shuka katikati ya jua la mchana. "Bado, mjukuu?" Nikamwambia tayari.

Usiku binamu yangu akapiga simu kutoka Texas. Alikuwa ameingia jeshi la akiba la Marekani, wakamsomesha kazi hii hii ya maabara huko San Antonio. Sasa wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka anavaa sare, siku nyingine yuko hospitali ya kiraia na mashine zake. Nilimwonea wivu, siwezi kuficha. Lakini usiku ule yeye ndiye aliyekuwa na maswali. Malaria alikuwa ameiugua Kakamega akiwa mtoto, sijui mara ngapi, ila kwenye hadubini alikuwa ameiona tu katika slaidi za kufundishia, rangi imepauka. Alitaka nimweleze kile kipete, unene wake, nukta ilikaa upande gani.

"Fildi ya ngapi?"

"Sitini na nne."

Akanyamaza kidogo. "Na mara ya kwanza, dada, uliachia wapi?"

Yeye nilimwambia ukweli. Thelathini na kitu.